Moshi Ni Mtoto wa Moto

Siku mto Sabaki ulipoingia majumbani mwetu, kila mtu alibeba alichokiona cha maana. Mimi nilimbeba mwanangu Kadzo mgongoni na sepetu mkononi, kwa sababu kazi yangu ni kuchimba. Mke wangu alibeba godoro, likanywa maji, likamshinda, akaliachilia. Jirani mmoja alibeba mlango. Mlango mtupu, na nyumba yenyewe imekwisha kwenda. Somo alibeba mtungi. Aliukumbatia kifuani kama mtoto mchanga, buibui limemgandama, anapiga kelele, "Msinishike! Mkinishika nitauangusha!"

Tulipofika kule juu tulikoambiwa tungoje, watu walimcheka.

"Somo, utakula mtungi?"

"Nitaunywa. Nyinyi kaleni magodoro."

Mtungi huo ndio uliomnywesha mwanangu maji yaliyomuua. Nalisema mapema, asije mtu akadhani nimekaa kuandika sifa. Nilimpenda yule mwanamke, kisha nikamchukia miaka, na yako mambo juu yake ambayo nisiposema mimi hakuna atakayeyasema. Shule niliishia darasa la nne. Atakayetaka maneno ya kupambwa atafute kwingine.

Somo si jina, ni kazi. Huku kwetu pwani bibi harusi hupewa mwanamke mtu mzima wa kumfunza mambo ya ndoa, kufukiza nguo, kukaa na mume, kunyamaza na kusema. Huyo ndiye somo wake. Yeye alikuwa amefunza wasichana wengi wa Malindi na Mambrui, hata jina alilopewa na mamake likasahaulika. Hata mimi Mgiriama, nisiyehusika na mambo hayo, nilimwita Somo, maana shamba langu la mchicha na bilingani lilipakana na ua wake miaka tisa, kabla mto haujatuchanganya sote.

Alikuwa na ulimi. Hema zetu zilikuwa za plastiki nyeupe, zimepangwa safu kama makaburi ya askari. Adhuhuri ungeweza kuoka mkate ndani. Mvua ikinyesha, maji yanapita chini ya virago. Jua likitoka, nguo zinaota ukungu. Watoto wakikohoa safu moja, safu ya pili inaitikia. Upele ukaingia vidoleni, kisha mapajani, kisha mahali ambapo mtu mzima haoni vizuri kujikuna mbele ya watu. Somo alisema, "Nyumba ya makuti hupumua yenyewe. Hii haipumui, basi sisi ndio tunaoipumulia, ndiyo maana tumechoka."

Alifagia mchanga wa mbele ya hema yake asubuhi na alasiri, akauchora mistari kwa ufagio kama mkeka. Siku walipokuja wageni wenye kamera, mwanamke mmoja wa mjini aliinama akamuuliza, "Bibi, hali yako?"

"Hali njema, mwanangu. Lakini vua viatu kwanza. Hapo ulipokanyaga ni sebuleni kwangu."

Yule mwanamke akavua! Akasimama peku juu ya mchanga wa moto, anachechemea, na Somo hana habari naye, anamuuliza habari za mamake na baba yake na watoto, pole pole, moja baada ya moja. Tulicheka siku tatu. Hayo nayakumbuka kwa sababu kucheka kule juu kulikuwa kwa nadra.

Alikuwa mtu wa kujipinga mwenyewe. Alifunza ndoa za watu, na za kwake tatu zote zilivunjika. Ukimtania alisema, "Kinyozi hajinyoi." Aliyasema maharagwe ya msaada kuwa chakula cha punda, kisha ukipita alasiri unamkuta anayachambua punje kwa punje, anatupa mabovu, anayapika na nazi aliyoomba kwa watu, na sahani ya kwanza anampa mwanangu. Aliogopa chura kuliko nyoka. Mvua za masika vyura waliingia mahemani kwa mamia, nami nilimsikia akiwaambia kwa adabu, "Tokeni, wanangu, tokeni, hapa pana mtu mzima."

Kadzo alikuwa na miaka saba. Alimwita Hawe, ndivyo sisi tunavyomwita bibi. Nyumbani kwangu mtoto huyu hakuwa na raha, mimi na mamake tulikuwa watu wa kugombana kwa sababu ya kila kitu tulichopoteza, na kwa Somo kulikuwa na utulivu na harufu nzuri. Kwa hivyo alishinda huko. Alifunzwa kukaa vizuri, kupokea kitu kwa mkono wa kulia, kufunga kanga isianguke. Mke wangu alilalamika, "Huyu anamfanya mwanangu Mswahili." Mimi nikamwambia heri Mswahili kuliko mkimbizi.

Sasa nije kwenye maji.

Mwanzo tulikuwa na tangi la plastiki lililojazwa na lori, maji yaliyotiwa dawa. Yalinuka. Ukinywa, ulimi unakuwa kama umelamba sarafu. Wanaume walinong'onezana kuwa ni dawa ya kuua uzazi, na Somo, ambaye hakuamini habari za uzazi, aliyachukia kwa sababu yake mwenyewe: "Maji yenye harufu mbaya ni maji yenye siri. Haya ni ya kuoshea choo." Tena lori lilikuja siku lilipotaka. Likija, jamaa za mwenyekiti wa kambi hujaza kwanza.

Basi mimi na wenzangu wawili tulichimba kisima. Kazi yangu kabla ya mafuriko, shamba likilala, ilikuwa kuchimba mchanga mtoni, nami najua mchanga kama Somo anavyojua harusi. Kimo cha shingo tukayapata maji. Baridi, matamu. Watu walipiga vigelegele. Somo aliyaonja kwa kiganja, akafumba macho, akasema, "Baba Kadzo, umetutoa katika ufukara." Sijawahi kusifiwa namna ile, kabla wala baadaye.

Yeye hakuwa mtu wa kunywa maji hivi hivi. Aliyachuja kwa kitambaa cha melimeli mara mbili. Kisha akachukua kaa moja la moto, akatia punje za ubani, akaufudikiza mtungi mkavu juu yake mpaka moshi ukajaa ndani, akaugeuza upesi, akamimina maji, akafunika. Hivyo ndivyo watu wa mji wanavyofukiza mtungi tangu zamani. Baada ya saa moja maji yanakuwa na harufu ambayo siwezi kuieleza. Unakunywa na unajiona una nyumba.

Na hayakuwa yake peke yake. Kila aliyepita alipewa kata moja, kifuu cha nazi chenye mpini. Hakuna aliyeruhusiwa kutia mkono mtungini. Alichota yeye, akampa mgeni, akangoja amalize. "Mgeni hutangulia," alisema. Yeye alikunywa mwisho, na mara nyingi mtungi ulikuwa umekwisha, akarudi kwenye chai yake ya rangi. Kumbuka hilo.

Binti wa afya alikuja kutufunza. Msichana mpole, ana begi na picha. Akasema maji ya kisima tuyachemshe, ama tunywe ya lori. Tukamuuliza kuni ziko wapi. Mwenye ardhi iliyopakana na kambi alikuwa amekataza kukata hata kijiti, na mkaa ulikuwa haupatikani ila kidogo kidogo. Somo akaingia kati.

"Mwanangu, moto unaua vijidudu?"

"Ndiyo, bibi."

"Na moshi ni mtoto wa moto. Anachokiua baba, mwana hukitia hofu. Maji yangu yamepita moshini."

Watu wakapiga makofi. Binti akacheka naye kwa heshima, akaandika kitu, akaenda zake. Tangu siku hiyo lile likawa neno la kambi nzima, moshi ni mtoto wa moto, na hema nne tano nyingine zikaanza kufukiza, wengine kwa ubani, wengine kwa magamba ya nazi tu. Hata mke wangu aliyemsema Somo kwa Uswahili wake alifukiza dumu la mafuta alilotilia maji.

Sasa waliotuua. Nitawataja.

Wa kwanza ni Kombe, mwenyekiti wa kamati ya kambi. Mahali pa vyoo palipimwa mbali, upande wa chini, na watu waliojua. Kombe akapanda mahindi pale. Akasema vyoo visogezwe. Wa pili ni Mwadime, mkandarasi. Lori lake la mbao na mabati lilizama mchangani, na Alhamisi ile walikuwa wanakuja wageni kuona vyoo vimekwisha. Hakutaka kubeba mbao mbali. Akasema, hapa hapa lilipokwama lori ndipo pa kuchimba. Hapa hapa palikuwa juu ya kisima, kama hatua thelathini.

Maji katika mchanga hayakai, hutembea. Hili hulifunzwi shuleni. Ukichimba mto miaka mingi, mikono yako yenyewe hukwambia.

Nilimwendea Mwadime. Nikamwambia, "Bosi, kisima kiko hapo chini."

Akanitazama sepetu. "Wewe ni injinia?"

"La."

"Unataka kibarua ama hutaki?"

Nilikitaka. Nikachimba. Siku mbili, mimi na wale wale wenzangu tuliochimba kisima, tukachimba mashimo ya vyoo, na jua lilikuwa kali, na Somo alitoka hemani kwake na kata mkononi, akatuletea maji ya kufukizwa pale pale ukingoni mwa shimo. "Kunyweni, wanaume, kazi ya leo ni ya heshima," alisema. Nikanywa nikiwa kiunoni ndani ya shimo.

Ugonjwa ulikuja baada ya mvua kubwa. Ulianza safu ya juu kwa mtoto wa yule jirani aliyebeba mlango. Kuhara kama maji ya mchele, kutapika, macho yanaingia ndani, ngozi ukiifinya hairudi. Watu walijua jina la ugonjwa huo na hawakulitaja. Kadzo alianza asubuhi wakati wa kufagia. Alianguka na ufagio wa Somo mkononi. Gari la wagonjwa lilisema linakuja. Barabara ilikuwa imekatwa na mto, likazunguka, likafika siku ya pili, mwanangu ameshazikwa.

Somo hakumwachia mtu. Binti wa afya alikuwa ametufunza maji ya chumvi na sukari, naye akayatengeneza sawasawa, vijiko sawasawa. Kwa maji ya mtungini. Akampa kijiko baada ya kijiko, anasema, "Kunywa, mjukuu wangu, kunywa yatakurudisha." Mtoto anatapika, yeye anaanza tena. Mimi nimekaa hapo. Niliona. Kadzo alisema neno moja tu la mwisho la kueleweka. Alisema, "Hawe, yananukia."

Watu walikimbia maiti kwa hofu. Mke wangu alikuwa hana nguvu hata ya kuinuka. Somo ndiye aliyenijia, akauliza, "Niruhusu nimuoshe. Najua si wa dini yangu." Akamuosha. Akamsuka nywele upya.

Zile siku tulizika watoto wengi. Kisha akaja afisa na vichupa vidogo, akachukua maji kisimani, akachukua na ya tangi, akachukua na ya mtungini kwa Somo. Aliporudi alisimama kati ya safu akatangaza: choo kimeingia kisimani, na maji ya mtungi yana ugonjwa ule ule, moshi hauui kitu. Watu hawakukubali. Mpaka leo wako wanaosema ilikuwa ile dawa ya lori. "Maji ya Somo yalifukizwa," walisema. "Tena yeye mwenyewe mbona hakuugua?"

Mimi nilikuwa nimesimama na sepetu. Wenzangu wawili waliangalia chini. Kombe yuko, Mwadime hayupo, ameshalipwa ameshaenda. Na badala ya kuwasema wao, na badala ya kusema lile nililolijua mimi, nilimnyooshea kidole mwanamke yule mbele ya watu wote.

"Wewe! Umeniulia mwanangu kwa mkono wako! Wewe hukunywa, ukawapa watoto wa watu!"

Wanawake walinizomea. "Huna haya! Baba Kadzo, huna haya!" Mmoja akaniambia nimeingiwa na wazimu wa msiba. Somo alikuwa amekaa juu ya ndoo. Yule mwanamke mwenye jibu kwa kila kiumbe, hata kwa chura, alinitazama tu. Akasema, "Ndiyo, Baba Kadzo."

Akainuka, akaumwaga mtungi, akaufudikiza mchangani mbele ya hema, akaingia ndani. Kesho yake hakufagia. Wiki ile ile mpwa wake alikuja kumchukua kwa pikipiki, mpwa mbele, Somo na mtungi katikati, na mtu nyuma amemshika asianguke. Nilisimama mbali.

Mke wangu naye alirudi kwao Ganze, ambako watu hutembea nusu siku kutafuta maji. Nilimfuata kumrudisha. Akaniambia, "Heri nitembee mpaka nife, lakini nijue maji yametoka wapi." Hakuwa anajua nilichokijua, wala sikumwambia. Kambi ilikaa mpaka plastiki ikachanika vipande. Wengine bado wako. Kombe alijengewa nyumba ya mfano, ya mawe, yenye bati la rangi.

Mimi bado nachimba. Mwaka huu niliitwa Mambrui kuchimba shimo la choo nyuma ya nyumba ya mtu. Siku hizi sishiki sepetu kabla ya kuuliza kisima cha karibu kiko wapi, na nyumba ya jirani je, na ile ya ng'ambo je. Wenye nyumba hunicheka, hudhani najitia ujuzi ili nilipwe zaidi. Mwenye shimo hili akasema, "Nenda kawaulize hao wa mlango wa pili."

Nikabisha. Akafungua mpwa wa Somo, yule wa pikipiki. Nyuma yake, ukumbini, kwenye kiti cha kamba, nikamwona Somo mwenyewe.

Alikuwa amepungua. Wanja, ambao zamani hakukosa kuupaka, hakupaka. Nilitaka kurudi, lakini alikuwa ameshaniona.

"Shikamoo, Somo."

"Marahaba, Baba Kadzo. Pita."

Hakuna anayeniita hivyo siku hizi. Nikavua viatu, nikakaa chini kwenye mkeka. Tuliulizana habari kwa zamu, nyumbani, afya, shamba, kama ada, na kila swali lilikuwa linapita mbali na lile lenyewe. Mtungi niliuona. Uko pembeni mwa ua, mdomo chini, umeota ukungu wa kijani. Aliona naangalia.

"Ulikuja kuuvunja? Uvunje. Mimi nimejaribu, mkono umekataa. Wewe ndiye mwenye haki nao."

"Sikuja kwa hilo. Nimeletwa na kazi. Nachimba choo hapo kwa jirani zenu."

"Aa."

"Nauliza kisima."

"Kisima tulikifukia. Tuna bomba." Akautazama mtungi. "Kila siku namhesabia Kadzo maji aliyokunywa. Asubuhi ile alikunywa kata mbili kabla ya kufagia. Ya pili alikuwa haitaki, nikamwambia amalize, si adabu kumwaga maji uliyopewa."

Nikasema uongo. Nikamwambia, "Somo, labda hayakuwa hayo. Alikunywa na ya tangi. Alikunywa kila mahali, mtoto."

"Usinidanganye, mimi nimefunza wanawake kudanganya wanaume."

Hapo nilitaka kucheka, nikashindwa. Nikamwambia, "Choo kile nilichimba mimi."

"Nani asiyejua? Nilikuleteeni maji shimoni."

"Hujanielewa. Nilijua." Nilikuwa naongea na mkeka. "Nilijua maji ya mchanga yanakwenda wapi. Nilimwambia Mwadime mara moja tu, kwa sauti ndogo, akaniuliza kama nataka kibarua. Wewe ulikuwa hujui kitu. Ulidhani moshi unasafisha. Mimi nilijua, nikachimba, nikanywa maji yako nikiwa ndani ya shimo, kisha nikakunyooshea kidole wewe."

Mpwa wake aliyekuwa anaosha vyombo uani aliacha kuosha. Nikasikia sufuria ikitulia.

Nilingoja methali. Nilingoja matusi, nayo ningeyapokea. Somo akaweka mikono kwenye magoti, akainuka kwa taabu, akakataa kusaidiwa, akaingia jikoni. Nikadhani amekwenda na hatarudi, na mimi nivae viatu vyangu.

Alirudi na birika na bilauri moja ya kioo. Maji yalikuwa yamechemshwa yakapoa, hayana harufu ya ubani wala ya kitu. Akamimina. Nikanyoosha mkono wa kulia nipokee, kama mgeni.

Hakunipa. Aliipeleka bilauri kinywani mwake mwenyewe, akanywa nusu, akakaa akingoja, macho yamenitazama, kwa muda mrefu. Kisha akanipa iliyobaki.